Tulimwita Firauni

Harufu ya changarawe iliyolowa hunirudisha Maganzo mpaka leo, hata nikiipata tu kwenye nyumba inayojengwa mtaani kwangu. Baba alikuwa mchimba almasi, na jioni alirudi nayo kwenye shati na kwenye ndevu.

Mwenye shimo aliitwa Firauni. Mimi nikadhani ndilo jina aliloitwa na wazazi wake. Siku moja nilipompelekea baba uji nilimkuta bwana huyo amesimama ukingoni, nikamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mzee Firauni." Wachimbaji wakasimamisha sururu hewani. Yeye akacheka. "Marahaba, binti." Akanipa pipi.

Jioni baba alinikalisha karibu yake. "Mwanangu, usimwite vile tena. Tumempa sisi jina hilo, kwa siri. Firauni alikuwa mfalme wa Misri. Aliwatesa watu, na akiambiwa hasikii."

Mvua zilipokolea, ukuta wa shimo ukapasuka. Baba alimwomba mwenye shimo wangoje ukauke. "Anayeogopa aende zake, wanaotaka kazi ni wengi," akajibiwa. Baba akashuka. Adhuhuri haikufika, ukuta ukamwangukia.

Mama alikimbia kumwomba mwenye shimo kijiko, lile tingatinga lake la kuchimbia lililokuwa kwenye shimo la jirani. "Lina kazi," alisema, wala hakugeuka kumtazama. Majirani wakachimba kwa majembe na kwa mikono. Walipomfikia baba, alikuwa ameshapoa.

Msibani bwana yule alikuja, akapewa kiti cha mbele. Mama, macho yamemvimba, akamwendea, akapiga magoti. "Shikamoo, baba." Nilimvuta kanga ainuke. Akanibandua vidole taratibu, akabaki pale pale chini.

Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa historia alitueleza kwamba neno firauni lilitoka Misri ya kale, likatufikia kwa njia ya Kiarabu, na mwanzoni halikuwa na ubaya wowote. Maana yake ilikuwa nyumba kubwa, jumba la mfalme. Kisha mfalme mwenyewe akaitwa hivyo, na kwetu likawa la kila mtawala katili.

Wenzangu waliandika. Mimi nilimwona mama chini vumbini. Kibanda chetu kilikuwa kwenye kiwanja cha mtu yule, na baba ndiye aliyekuwa amepewa ruhusa ya kukaa pale. Mama hakuwa akimheshimu. Alikuwa akituombea pa kulala.