Afande Aliyesali Macho Wazi

Usiku ule niliupitisha kwenye benchi la ukumbi wa kanisa, roho juu, nikisubiri jibu moja tu: mwanangu atakubali kuniona au hatakubali. Alikuwa amerudishwa wiki hiyo kutoka nchi alikopelekwa kufanya kazi za ndani, ambako alifungiwa miaka miwili bila simu wala mshahara. Kanisa lilimpokea katika nyumba yake ya kuhifadhi wasichana waliouzwa, nyuma ya ukumbi. Ni hatua arobaini kutoka kwenye benchi langu. Nilizihesabu.

Kulipokucha alikuja yule mwanamke msimamizi.

"Amesema hapana."

"Umemuuliza vizuri?"

"Nimemuuliza kwa mdomo, mama. Sina chombo kingine."

Simpendi yule mwanamke. Nalisema mapema lisije likaonekana nimelificha. Wasichana wanamwita Afande. Alikuwa askari magereza miaka ishirini na sita, akastaafu, akina mama wa kanisa wakamwajiri awe mpishi. Wiki ya kwanza aliomba bisibisi. Wakadhani mpini wa sufuria umelegea, kumbe alipita mlango kwa mlango aking'oa makufuli ya nje na kupiga makomeo kwa ndani. Mwenyekiti wa akina mama alipofoka, alijibiwa: "Kufungia watu nimefungia mpaka nimestaafu. Hawa wakitaka watajifungia wenyewe." Tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi, ingawa hakuna aliyemteua.

Ni mrefu, mkavu, na viazi humenya akiwa amesimama, uso kwenye geti. Ibada ya asubuhi huongoza yeye: zaburi fupi, sala fupi zaidi, na husali macho wazi. Nilipomwona mara ya kwanza nilishindwa kuvumilia.

"Unasalije umekodoa macho?"

"Mungu namjua. Anayeingia getini simjui."

Siku nyingine nilimletea mwanangu mama mmoja wa kumwombea, mwombaji hodari, aliyesafiri tangu alfajiri. Afande akamzuia kizingitini.

"Ombea hapo hapo. Mikono yako kaa nayo."

"Maombi gani ya bila kuwekea mikono?" mwombaji akauliza.

"Ya watu walioshikwashikwa bila kuulizwa."

Mwombaji aliondoka amenuna. Nilivyoaibika mbele ya watu, nikamwita Afande mchawi. Akaokota kiazi kingine.

Nilikwenda siku tisa, na kila siku ilikuwa hapana. Nikaanza kuamini kwamba hapana ile ni yake, si ya mwanangu. Nilijisemea kwamba huyu hana mtoto, kaamua kuniibia wangu. Mwishowe nikamwambia usoni.

"Ninao wanne," akasema. "Unataka nikugawie?"

Ndipo nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji ni mtu wa tabasamu. Jumapili walikuwa wanakuja wageni kutoka makanisa mengine, naye alitaka msichana mmoja asimame mbele yao atoe ushuhuda wa yaliyompata. Afande alishamkatalia.

"Wewe ndiye mzazi," mchungaji akaniambia. "Saini kwamba umeridhia binti yako asimame, nami mwenyewe nitamtoa chumbani. Jumapili utakaa naye kiti cha mbele."

Karatasi ilikuwa tayari mezani. Niliisoma kwa taabu, maana shule niliiacha darasa la tano, lakini jina langu naliandika vizuri. Nikaliandika.

Tukaongozana. Afande alikuwa koridoni, mbele ya chumba cha mwanangu.

"Mzazi ameridhia," mchungaji akasema, akiipunga karatasi.

Afande hakuitazama. Alinitazama mimi.

"Binti ana umri gani?"

"Ishirini na mbili."

"Na ile fomu ya wakala aliyempeleka huko, alisaini nani?"

Nilisaini mimi. Mwanangu alikuwa anasitasita, nikaona namsaidia kuamua. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Basi Afande aliambiwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa nyuma ya mlango ule.

"Pisha," mchungaji akamwambia. "Hii ni nyumba ya kanisa."

"Ni ya kanisa. Bisha, sijakushika mkono."

Akasogea pembeni. Mchungaji akabisha.

"Binti yangu, mama yako yuko hapa. Amekubali utoe ushuhuda Jumapili."

Nyayo zikasogea mlangoni. Kisha nikaisikia sauti ya mwanangu, kavu kuliko nilivyoizoea.

"Amekubali kwa mdomo, au kasaini?"

Mchungaji akanigeukia. Ningeweza kudanganya, ulimi ulishaanza. Afande alinikazia macho, sikujua kama ananionya au anangoja nianguke.

"Nimesaini, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukuona."

"Na ile ya kwanza ulitaka nini?"

"Nilitaka upate maisha."

"Nimeyapata, mama. Asante."

Niliinyakua karatasi mkononi mwa mchungaji nikaichana, nikavichana na vipande vyake.

"Mama, una akili timamu kweli?" Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie wakuombee," Afande akasema.

Mchungaji akaondoka akibamiza viatu. Mimi nikauegemea mlango.

"Mwanangu, nimeichana."

"Nimesikia."

Nikasikia nyayo zake zikirudi ndani, kisha kitanda kikilia.

"Haya, mama, nenda nyumbani," Afande akasema. Hakuna huruma niliyoisikia humo, na sikuitafuta.

"Kesho nije?"

"Waniuliza mimi?"

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikaugeukia mlango, nikauliza tena, safari hii nikimuuliza mwenyewe.

"Mwanangu, kesho nije?"

Nilisimama pale mpaka miguu ikaniwaka moto. Hakujibu, na mlango haukufunguka.