Nguzo au Mwega

Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Baba Dogo, tulikuta magogo matatu yamesimamishwa chini ya roshani ya ghorofa tunamopanga.

"Ni nguzo tu, tumeongeza nguvu," keateka, msimamizi wa jengo, alituambia huku macho yake yakiwa kwenye simu.

Jirani yangu, mama aliyefanya kazi ya mjengo miaka mingi, alishika gogo moja, akautazama ufa uliokuwa kwenye roshani juu yake.

"Nguzo hujengwa pamoja na nyumba," akasema. "Huu ni mwega. Mwega huwekewa kitu kinachotaka kuanguka. Wewe bado unalala humu?"

Keateka alikohoa kidogo. "Nilihamia kwa shemeji juzi."

Kufikia saa sita mchana, nusu ya wapangaji tulikuwa barabarani na magodoro yetu. Wengine wamebaki, wanasema maneno hayo mawili ni mamoja. Naomba wawe sahihi.