Mama Kufuli na Ile Nukta

Ofisini tulimwita Mama Kufuli, na jina alilipata kihalali. Kila alipopitia programu ya mwenzake aliuliza swali moja tu: kufuli liko wapi hapa? Mama mkwe wake aliamini kwamba anatengeneza redio. Mwenyewe alishachoka kumweleza.

Kazi yetu ilikuwa mashine za kuangalia pumzi za watoto wachanga hospitalini. Yeye alishika kiini cha programu, sehemu ya chini kabisa inayogawa nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine: huyu achukue hapa, yule arudishe pale. Mimi ni mpimaji. Yaani nawasha mashine, nangoja iharibike, naandika saa.

Wiki hiyo mashine zilianza kuganda. Sekunde nane skrini imekufa, kisha inaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Sekunde nane kwa mtoto wa kilo moja na nusu si mchezo, na mashine arobaini zilikuwa ziondoke Ijumaa.

Kilichotutia wazimu ni kwamba hitilafu yenyewe ilikuwa na haya. Mama Kufuli akiongeza mstari wa programu wa kuonyesha kwenye skrini kinachoendelea ndani, mashine inakwenda vizuri siku nzima. Akiufuta, inaganda kabla sijamaliza chai. Mara mbili nilimwona akienda kusimama kwenye ngazi peke yake. Siku ya tatu alinifokea kwa sababu natafuna karanga. Nikamjibu vibaya, maana na mimi kuwasha na kuzima kulikuwa kumenifika hapa.

Jumatano mchana akaniita. Alikuwa amekuta vipande viwili vya programu, katika mafaili mawili, vyenye jina lile lile. Vyote vinarudisha kumbukumbu iliyokwisha kutumika. Kimoja kinafunga kufuli kwanza, ili mwingine asiingie hadi kimalize. Kingine hakifungi, kinadhani aliyekiita ameshafunga. Wenzetu waliandika jina hilo wakitaka cha kwanza, mashine ikawapa cha pili. Basi sehemu mbili zikawa zinaingia kwenye kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, kama choo kisicho na komeo. Ule mstari wake wa skrini ulikuwa unachelewesha sehemu moja tu, ndiyo maana hazikukutana.

Alikibadilisha jina kile cha pili, akaweka kufuli panapotakiwa. Nikapima hadi Alhamisi mchana. Haikuganda hata mara moja. Nilitaka kufurahi, lakini nikamuuliza mbona ilianza mwezi huu tu.

Akarudi nyuma kwenye orodha ya mabadiliko ya programu. Mwezi uliopita, akifanya usafi, alifuta mstari uliokuwa unaandika nukta moja mahali ambapo hakuna anayesoma. Nukta hiyo nayo ilikuwa inachelewesha sehemu moja, kama ule mstari wake wa skrini. Pembeni pameandikwa: "Usiufute. Usiulize." Aliyeuandika, miaka sita nyuma, ni Mkuu wetu kabla hajawa mkuu.

Mkuu alikuja na fomu ya kuruhusu zile mashine arobaini ziondoke. Hakukana. Alivuta kiti, akasema wakati ule hospitali zilikuwa zinasubiri, naye alikuwa peke yake. Nilimhurumia kidogo, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Fomu ina swali: hitilafu ilianza lini?

"Andika mwezi uliopita," akamwambia Mama Kufuli. "Si tumeshatengeneza? Ya zamani ya nini tena?"

Mwezi uliopita maana yake ni yeye, Mama Kufuli, aliyeharibu.

"Zile za zamani bado ziko wodini, Mkuu," alisema. "Mia tatu na kumi. Zina nukta tu, kufuli hazina. Nukta inapunguza, haizuii."

Mkuu alisema atakayeandika miaka sita ndiye atakayejibu maswali. Mama Kufuli akaandika miaka sita, kwa herufi kubwa, akasaini. Kisha akaisukuma fomu upande wangu, kwa sababu sahihi ya pili ni ya mpimaji.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka sita nyuma mashine hizo ziliwahi kuganda juma zima, kisha zikaacha ghafla asubuhi moja. Mpimaji aliyeandika "iko sawa" na kwenda zake kula, bila kuuliza zimeponaje, nilikuwa mimi.

Nikaomba kalamu.