Vijiti vya Mihogo ya Tanti Vero

Niliondoka Bunia kwa sababu ya mihogo. Parokia ilikuwa imempa Tanti Vero, dada ya baba yangu, kipande cha shamba nyuma ya kanisa, na mvua ya mwezi wa tatu ilikuwa imekwisha kuanza. Mbegu ndiyo hakuna. Mihogo ya mjini ilikuwa na ugonjwa, majani yamejikunja na kushika mabaka ya njano, na tanti, aliyefundisha biolojia miaka mingi kabla vita haijamtoa kijijini, hakutaka hata kuigusa.

"Jani ndiyo jiko ya muti," aliniambia. "Inakamata jua, hewa na maji, inapika. Hii njano ni pale moto imezimika."

Alitaka mihogo yake mwenyewe, ile aliyoichagua shina kwa shina tangu mama yake alipofariki, iliyobaki kwetu kilimani, upande wa Bambu. Kama imekwisha huko, basi imekwisha kabisa. Magoti yake yalikataa safari, nikasema nitaenda mimi. Akanipa masharti mawili. Nipukute majani yote pale pale shambani, kwa sababu shina lililokatwa halina mizizi ya kuchota maji, na jani, lisilojua habari hiyo, huendelea kuyatoa hewani mpaka shina likauke. Tena nifunge vichwa vyote upande mmoja, maana kijiti cha muhogo kina juu na chini.

"Weye ni muandishi," alisema. "Utakuwa unaangalia mawingu."

Alfajiri nilitoka na wanawake watatu waliokuwa wakienda kuchimba viazi katika mashamba waliyoyakimbia. Wiki ile bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna aliyejua kwa muda gani. Tulipita vilima vya majani mafupi na mikaratusi, tukisema kidogo. Kila tulipokuta nyumba isiyo na paa, mmoja wao alitaja jina la mwenyewe, kama mtu anayebisha hodi.

Saa nane mchana nilifika kwetu. Nyumba ya tanti ilikuwa kuta tu. Jirani, Mama Furaha, ambaye hakukimbia kwa sababu mume wake hawezi kutembea, alinitazama muda mrefu kabla ya kunipa kiti.

"Vero iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Amenituma mihogo."

Akasema lile aliloogopa kulisema. "Siye tulikula mihogo yake. Umuambie. Lakini kila shina tuliyong'oa, tulirudisha kijiti mu udongo."

Akaniongoza nyuma ya kuta. Mihogo ilisimama pale, mirefu kunishinda, imetoka kiangazi na majani machache tu vichwani. Mengine iliyaacha yaanguke ili isife kiu. Niliinamisha shina moja nikalitazama kutoka juu. Majani yalipanda yakizunguka, kila moja limejisogeza pembeni kidogo, na ya chini yamenyoosha vikonyo virefu kuufikia mwanga. Nilihesabu: mpaka jani la sita ndipo moja lilisimama sawasawa juu ya la kwanza. Hakuna aliyemnyima ndugu yake jua. Nililia kidogo, Mama Furaha akajifanya anatafuta panga.

Asubuhi tulikata mashina ishirini na sita na kuyapukuta. Lakini sita ya mwisho nilishindwa. Yalikuwa na majani machanga, mekundu kwenye vikonyo, na mzigo mwingine wote ulionekana kama kuni. Nikayaacha majani yake. Nilitaka tanti ayaone.

Saa sita, njiani kurudi na wale wanawake watatu, tulisimamishwa kwenye kizuizi. Kijana mwenye bunduki alikata kamba ya mzigo wangu, akacheka.

"Sombe imejileta yenyewe."

Akachukua yale sita yenye majani, yawe kisamvu chao cha siku hiyo. Ishirini yaliyobaki aliyapiga teke yakatawanyika matopeni. "Yaya, okota kuni yako," akasema, kana kwamba mimi ni ndugu yake mkubwa.

Nilipiga magoti. Juu ni wapi, chini ni wapi? Nilikumbuka tanti alivyonionyesha kwa kidole kwenye fimbo yake kabla sijaondoka: jani likianguka huacha kovu, na jicho la kuchipua hukaa juu ya kovu hilo. Nikayapapasa moja moja, kovu chini, jicho juu, na wale wanawake wakinisubiri bila kunihimiza.

Jioni tanti aliyapokea mashina mapajani. Nilimweleza yote, hata yale sita niliyoyaachia majani. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mama Furaha alirudishia vijiti?" Nikasema ndiyo. "Basi shamba iko mbili," akasema. "Huku na kule."

Kesho yake tulikata vijiti na kupanda. Baada ya wiki mbili machipukizi yalitoka, ya kijani safi, bila baka. Kimoja tu kilichelewa. Kilipotoka, chipukizi lilikuwa limejikunja kando ya kijiti, limezunguka na kuinua kichwa: nilikuwa nimekipanda juu chini. Nilinyoosha mkono kuking'oa.

"Acha," tanti alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike Bunia. "Iko inatafuta jua. Itafika."

Kilomita zote zile nilikuwa nikitafuta maneno ya kumletea, na yeye ndiye aliyeyasema. Nilikaa chini kando yake, tukakitazama.