Lubugo Nililozungushia Rola

Bibi ana mashine ya zamani ya kupigia pasi, yenye rola ndefu, anayonyooshea vitambaa vya altare vya kanisani kwetu Bugene. Blanketi la rola na kitambaa chake cha juu vilikuwa vimeungua, akaniomba nivibadilishe. Kwa aibu zangu sikuuliza nitumie nini. Nilifungua sanduku lake nikakuta lubugo, lile gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini kama blanketi. Nikalikata katikati, nikalizungushia rola, juu yake nikashonea shuka jeupe.

Bibi aliporudi kutoka shambani aliona kipande kilichobaki. Akakaa chini.

“Mjukuu wangu, umekata sanda yangu.”

Kumbe mtu anaweza kuwa mzima, anapalilia maharage, na nguo ya kuzikiwa ameshaiweka tayari!

“Nisamehe, Bibi.”

“Sasa nizikwe nusu? Miguu ibaki nje kama kuku wa mnadani?” Akacheka peke yake. “Fungua hiyo rola, lete sindano.”

Tulishona mpaka jua likazama. Kisha akajilaza mkekani, akajifunika lubugo mpaka usoni ili apime.

“Linatosha,” alisema kutoka ndani, nami nikakimbilia nje.