Mwalimu Akipanda Kitini

Mwalimu wetu wa usafi wa kinywa huosha mikono kabla ya kufungua dirisha na baada ya kulifunga. Barakoa haivui hata akinywa chai, huinua ukingo tu. Kila asubuhi hutuambia wanafunzi wapya kwamba mswaki ulazwe nyuzi arobaini na tano, na kwamba mgonjwa huogopa kwa sababu ya mhudumu mzembe. Jumanne bibi mmoja wa Old Moshi, aliyeahidi kuja kusafishwa meno mbele yetu, hakutokea. Mwalimu akapanda kitini mwenyewe, akavua barakoa, akamwita Blessing, mwenzetu mwenye mkono mtulivu kuliko sote. Kabla kifaa cha kukwangua ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, hakijagusa jino, akamshika mkono. “Ngoja kwanza. Kinauma?”

“Hapana, mwalimu. Pumua kwa pua.”

Akapumua, macho kayafumba. Kikadondoka kipande cha ugaga kama punje ya mchele. Hakuna aliyecheka.

“Samahani, mwalimu,” Blessing akauliza, kama tulivyofundishwa kumuuliza kila mgonjwa, “mara ya mwisho ulisafishwa lini?”

Akafungua jicho moja, akatutazama darasa zima.

“Ndiyo kwanza leo, mwanangu,” akasema polepole. “Endelea.”