Siku Nilipowafuta Akina Mabula

Leo nacheka, lakini siku ile pale getini Nyakato nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiwanda cha minofu ya sangara kimenitoa Bukoba (kijana wa diploma ya kompyuta, tai shingoni) nihamishe rejista ya wafanyakazi kutoka kwenye faili za programu ya zamani niiweke kwenye hifadhidata mpya ya SQL, nitengeneze na mwonekano, yaani orodha inayojichuja yenyewe ya wenye cheti cha afya, pamoja na faharasa ya kutafutia majina. Nikaamua faharasa isikubali jina kujirudia. Uamuzi mdogo tu. Mashine ikagoma: Mabula Shija yumo mara nne. Nikamwambia meneja, mbele ya dada Ester karani, kwamba dada kazidi uzembe, mtu mmoja kamwandika mara nne, kisha nikafuta watatu, na wengine wa namna hiyo, na faili za zamani nikazifuta ili nipate nafasi. Ester akafunga kaunta buku lake la majina, akaondoka nalo.

Kesho yake asubuhi wakaja wakaguzi kutoka ng'ambo, na amri ikawa asiyekuwemo kwenye orodha haingii, na asiyeingia siku hiyo kazi hana. Nikasoma mwenyewe: "Mabula Shija." Wakaja wanne.

"Namhitaji mmoja tu, jamani," nikasema, jasho linanitiririka. Mzee mmoja mwenye gambuti akanisogelea, nikamwahi kwa shikamoo.

"Marahaba. Miaka minane nakata samaki hapa, leo mimi siyo mimi? Mwanangu, kwetu anayezaliwa wakati wa mvua ni Mabula, na anayewafuata mapacha ni Shija, kama baba yangu. Unadhani mvua ilinyesha nyumbani kwa baba yangu tu?"

Foleni ikakwama, lori la samaki kutoka Kigongo linachuruzika maji ya barafu, wakaguzi wanaangalia saa, na meneja ananiangalia mimi. Ndipo Ester akaja taratibu na kaunta buku lake la zamani, akasoma: Mabula Shija wa Buswelu, Mabula Shija wa Kigongo, mpaka wote wakaingia. Mimi nilimletea kiti akae.

Wiki nzima niliandika upya, yeye ananisomea. Kila tukifika kwa Mabula alikuwa anaweka kidole kwenye jina, ananiuliza:

"Na huyu ni uzembe wangu?"

"Hapana, dada. Huyu ni mtu."

Tangu hapo sifuti jina kabla ya kumuuliza aliyeliandika.